Kuvaa, Kuvua, Kufua

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la plastiki mbele ya mashine ya kufulia, nimevaa koti la mvua lililofungwa vifungo hadi kidevuni, miguu mitupu ndani ya viatu visivyo na soksi. Chini ya koti hamkuwa na kitu. Nguo zangu zote za safari, kuanzia suruali mbili hadi kitambaa cha kupengea, zilikuwa zinazunguka nyuma ya kioo cha mviringo, na namba za mashine zilionyesha zimebaki dakika 38. Nje jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mmoja na kikapu chake cha nguo. Akanitazama usoni, akashuka hadi magotini, akarudi usoni.

"Kumbe mvua inanyesha, mwanangu?"

"Hapana, bibi."

"Ahaa," akasema, akaenda kujaza mashine ya upande wa pili na kunipa mgongo. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa huo mgongo.

Ilikuwa wiki ya tano ya safari ya miezi mitatu, na hadi siku ile nilijiona msafiri aliyepevuka. Begi langu lilikuwa dogo kuliko ya wenzangu wote. Nilijua kukunja shati lisipate mikunjo, nilijua dawa ya meno ya kiasi gani inatosha mwezi. Jambo moja sikuwa nimelifikiria hata dakika moja: siku ya kufua mtu anavaa nini?

Maneno yenyewe yamewekwa karibu sana katika lugha yetu: kuvaa, kuvua, kufua. Kila hatua herufi moja tu inabadilika, utadhani aliyeyatunga alikuwa amesimama karoni akiwaza jambo hilihili. Aliyevaa huvua ili afue. Akishavua, avae nini akiwa anafua? Nyumbani swali hili halina uzito kwa sababu kabati lipo, na ndani ya kabati kuna ile fulana iliyopauka ambayo haitoki nje ya geti. Safarini kabati ni begi, na begi zima liko majini.

Safari fupi haina tabu hii. Siku nne au tano unabeba nguo za kutosha na uchafu unarudi nao. Shida huanza safari inapozidi siku ambazo mgongo unaweza kuzibeba. Hapo kila mwenye uzoefu atakushauri ubebe nguo za wiki moja na ufue kila wiki. Ushauri mzuri, ila hakuna anayeumaliza. Ukifua siku ya saba, nguo ya siku ya saba iko mwilini mwako. Ama uiache bila kufuliwa, ianze wiki mpya ikiwa na deni la jasho, ama uivue uitie pamoja na nyingine, ubaki kama nilivyobaki mimi.

Na mashine ya sarafu ina ushawishi wake. Nyingi hubeba kilo saba, nane au zaidi, na nguo zote za msafiri mmoja mwenye begi dogo hazifiki hapo. Unatoa sarafu zilezile, uweke soksi tatu au begi zima. Basi ukishajaza, ukaona bado kuna nafasi, mkono unaanza kutembea wenyewe. Zilianza soksi za miguuni. Likafuata sweta. Kisha, kwa kuwa koti lilikuwa refu na mle ndani hapakuwa na mtu, ikafuata suruali, na suruali haikwenda peke yake. Mtu haamki asubuhi akaamua kukaa uchi ndani ya koti mbele za watu. Anafika huko kipande kwa kipande.

Sasa, koti la mvua linajua kazi moja tu, kuzuia maji yasipite, na haliulizi maji yanatoka upande gani. Chumba kilichopangwa mashine za kukaushia ukuta mzima ni tanuri. Baada ya robo saa nilikuwa nimelowa kwa ndani kuliko ambavyo ningelowa nje mvua ingenyesha kweli. Matone yalikuwa yanateremka mgongoni, yanakusanyika kiunoni, yanaendelea na safari yao. Sikuweza kufungua hata kifungo kimoja.

Zikiwa zimebaki dakika 11, mashine ikanguruma, ikajikaza, ikanyamaza. Taa nyekundu. Maji yalikuwa yamefika nusu ya kioo na sweta langu limejibandika hapo kama mtu anayechungulia dirishani. Nikavuta mlango. Mashine za aina hii zina komeo la umeme linaloushikilia mlango muda wote maji yakiwa ndani, na ni vizuri, vinginevyo sakafu ingegeuka bwawa. Lakini nguo zangu zilikuwa upande ule na mimi upande huu. Nilipiga simu namba iliyobandikwa ukutani, nikaambiwa fundi angekuja baada ya saa moja na nusu.

Bibi alikuwa amesikia yote. Akaja, akaitazama mashine kama mtu anayemjua mgonjwa wake, akaonyesha kwa kidole kijimlango kidogo pale chini pembeni. "Imeziba hapo. Kuna kifuniko unazungusha, maji yanatoka taratibu. Lete beseni, inama ukifungue."

Kuinama ndilo jambo pekee ambalo sikuweza kulifanya.

Nadhani alilielewa kabla sijatafuta maneno. Alirudi kwenye kikapu chake, akachomoa shuka ambalo bado halijafuliwa, akanirushia. "Jifunge kwanza."

Wahenga wanasema nguo ya kuazima haistiri matako. Lile shuka lilistiri. Nililizungusha kiunoni mara mbili juu ya koti, nikalikaza fundo, nikapiga magoti, nikafungua kile kifuniko robo mzunguko. Maji ya kijivu yakaanza kutoka kwa kamba nyembamba kama ya birika, beseni likijaa tunamwaga, tunaliweka tena. Beseni la nne ndipo kilipotoka kilichoziba: kitufe cha shati langu, nyuzinyuzi, na kipande cha karatasi nilichosahau mfukoni, kimekuwa uji. Tulipoizima na kungoja kidogo, komeo likalia tak, mlango ukaachia.

Nguo zilikuwa zimefuliwa bila kusuuzwa. Nilizirudisha kwenye mashine nyingine, nikatoa sarafu nyingine, nikakaa tena na shuka la watu. Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kwa makini.

Kuna mtu mmoja aliyefanya jambo hili lionekane la kifahari. Mwaka 1985 kampuni ya Levi's ilitoa tangazo la televisheni Uingereza. Kijana mtanashati, Nick Kamen, anaingia kwenye duka la kufulia la miaka ya 1950, anavua fulana, anavua jinzi, anavitia kwenye mashine, kisha anakaa katikati ya watu na bukta yake nyeupe, ametulia tuli. Watu walipagawa, na jinzi ziliuzwa sana. Nimelitazama tangazo lile zaidi ya mara moja, kwa jicho la mtu aliyepitia. Linaisha mapema mno. Jinzi ikitoka majini bila mashine ya kukaushia inaweza kumaliza siku nzima na bado mshono wa kiunoni una ubaridi. Hatuonyeshwi saa ya tatu, tumbo limelegea na benchi limemchora mapaja. Wala hatuonyeshwi alikoweka sarafu za kukaushia. Bukta ile, kwa jinsi nilivyoikagua, haina mfuko.

Mfuko ni suala kubwa kuliko watu wanavyodhani. Siku ya kufua ndiyo siku ambayo mikono yako ina vitu vingi kuliko siku yoyote ya safari: ufunguo wa chumba, simu, sarafu za aina mbili, sabuni, na ile pasipoti ambayo hukutaka kuiacha chumbani. Siku nyingine vyote hukaa kwenye suruali. Suruali inazunguka.

Tangu siku ile nimejaribu mengi, na mengine nasimulia ili mtu asiyarudie.

Nguo ya kuogelea ni wazo linalomjia kila mtu, na si baya kwenye karatasi. Ni nyepesi, inakauka haraka, hata hivyo uko nayo. Ila ufukweni unaivaa ukiwa na sababu ya kuivaa. Ukiivaa mbele ya mashine ya kufulia, kwenye mji usio na hata dimbwi, kila anayeingia anaanza kukutafutia sababu mwenyewe. Taulo halidumu. Linadondoka saa ambayo mikono yote miwili imeshika nguo mbichi, na pia taulo lenyewe lilihitaji kufuliwa kuliko yote. Nguo za kulalia zinafaa ukiwa unafua mlemle unamolala, lakini zangu zilikuwa na picha za nyota, na siku niliyotoka nazo hadi dukani kutafuta sabuni sitaieleza hapa.

Kuna pia njia ya kumwachia dobi, ukarudi kuchukua. Ni raha, na vazi la siku hiyo unadhani halina umuhimu kwa kuwa humkai mtu machoni. Nilifanya hivyo Jumamosi moja tukiwa safarini na dada yangu mkubwa. Tuliambiwa kesho saa kumi jioni. Tulipofika hiyo kesho saa kumi, mlango umefungwa kwa mnyororo. Jumapili walikuwa hawafungui, na aliyetuahidi labda alisahau siku. Nilikaa na kaptula moja na fulana moja kwa siku mbili kasoro saa chache, usiku mmoja kati ya hizo kukiwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Dada akaniazima suruali yake pana. Ilinifika chini kidogo ya magoti na kiunoni ilinikaba hadi nikawa napumua kwa awamu. Hapo sasa methali ilirudi kazini kwake.

Yeye mwenyewe hakuwa na shida yoyote. Dada husafiri na dera moja la kitambaa chepesi, amelishonea mfuko wa ndani kwa mkono, kando ya nyonga. Siku ya kufua anaingia kwenye dera, na humohumo ndani, akiwa amesimama mbele ya watu, anavua kila kitu kingine kimoja baada ya kingine, anakichomoa kwa chini na kukitupa kwenye mashine huku anaendelea na mazungumzo. Hakuna anayeona lolote. Nilipomlalamikia kwamba mimi sina pa kujifichia namna hiyo, hakunionea huruma.

"Nyie wanaume mnataabika kwa kiburi tu, mdogo wangu. Nani alikukataza kujifunga kikoi?"

Hakuna aliyenikataza. Baada ya hapo nilibeba kikoi, na kwa safari mbili kilikuwa ndicho jibu langu. Kitambaa cha pembe nne kisicho na mshono wala kifungo kina uungwana ambao suruali haina: hakijali umenenepa au umekonda njiani, hakina mbele wala nyuma, na kisipovaliwa ni shuka, pazia, mto, au kifungashio cha zile nguo chafu zenyewe. Kanga inafanya kazi ileile. Udhaifu wake niliugundua polepole. Mashine za kufungulia mbele mlango wake uko chini, unachuchumaa, na ukichuchumaa na kikoi lazima ujue unachofanya. Upepo nao una mambo yake ukiwa unaanika juu ya paa. Na, tumerudi palepale, hakina mfuko.

Sasa nilifikie ninaloliamini, maana wengi wanalifanya kinyume. Siku ya kufua watu huvaa mabaki. Kilichobaki safi baada ya kila kitu kuchafuka, au kisichofaa popote, ndicho kinachovaliwa. Lakini hebu fikiria siku hiyo ilivyo. Unatembea barabarani na mfuko wa nguo. Unakaa saa nzima au mbili na watu usiowajua. Unaomba mtu akuvunjie noti. Unagonga kwa mwenye nyumba kuuliza kama unaweza kufunga kamba uani. Katika safari nzima hakuna siku unayohitaji wema wa wageni kwa wingi kama hiyo, na ndiyo unayoivalia kama mtu aliyeokolewa majini. Mimi sasa ninapopanga begi, vazi la kufulia ndilo la kwanza kuwekwa kitandani. Mengine yanahesabiwa kuanzia hapo.

Kipimo nilikipata usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni, kengele ya moto ilipolia saa tano. Hakukuwa na moto, ila tulisimama barabarani wote kwa dakika arobaini, na nikaona hali halisi ya wasafiri wa muda mrefu. Mmoja alikuwa na taulo. Mmoja alikuwa amejifunika mfuko wa kulalia, anaruka nao kama mchezo wa magunia. Dada mmoja alikuwa amevaa gauni la sherehe, la kumetameta, na kandambili. Nguo zake zote zilikuwa kambani na hilo ndilo pekee lililobaki kavu. Watu walicheka, naye akacheka, lakini ukweli ni kwamba kati yetu sote ndiye aliyekuwa amevaa vizuri zaidi. Ninampongeza hadi leo. Ile nguo unayoibeba kwa ajili ya mwaliko ambao huenda usije, ivae siku ya kufua, angalau ione mwanga.

Basi kipimo changu ni hicho: je, kengele ikilia sasa hivi, naweza kusimama barabarani dakika arobaini na vazi hili? Kama jibu ni hapana, hilo si vazi, ni kificho.

Lakini stara peke yake haitoshi, kwa sababu vazi la kufulia nalo lina siku yake ya kufuliwa. Lenyewe ndilo linalobaki nje ya mashine kila mara. Kwa hiyo hufuliwa kwa mkono, usiku, kwenye sinki, wakati zile nyingine zimeshakauka na umeshabadilisha. Na linatakiwa liwe kavu alfajiri. Hapo unaingia kwenye mambo ya nyuzi.

Nyuzi hazinywi maji sawa. Zikiachwa kwenye hewa ya kawaida tu, bila hata kuloweshwa, poliesta hushika unyevu usiofika asilimia 1 ya uzito wake, nailoni kama asilimia 4, pamba kama 8, na sufu kama 15. Ndiyo maana fulana nene ya pamba, hata ukiikamua mpaka viganja viume, asubuhi bado ina kwapa la baridi, wakati bukta ya nailoni imeshasahau kwamba ililowa. Kwa kukauka, poliesta ndiyo bingwa. Tatizo lake ni harufu. Jasho likitoka mwilini halinuki sana. Wanaolifanya linuke ni bakteria wa ngozi wanaokula kilichomo. Poliesta hupenda mafuta, inayashika ya mwilini, na maji baridi ya sinki hayayatoi kirahisi. Unafua, inakauka ikinukia sabuni, unaivaa, mwili unapata joto, harufu ya wiki iliyopita inarudi. Sufu nyepesi ni kinyume chake: inakauka polepole lakini unaweza kuivaa siku kadhaa na hakuna atakayekuhama. Ila ukiisahau ikaingia kwenye maji ya moto na kusukwasukwa, magamba madogo ya kila unywele hung'ang'aniana, na sweta linatoka linamfaa mtoto. Nimefiwa na sweta moja hivyo.

Nilichofikia, baada ya safari kadhaa, ni pensi nyeusi ya nailoni inayofika magotini, yenye mfuko mmoja wa zipu, na fulana nyembamba ya sufu. Pensi hiyo inaogelewa, inalaliwa, inapandiwa basi. Rangi nyeusi haionyeshi doa la sabuni ya unga. Kikoi bado nakibeba, kinakaa juu kukiwa na baridi au mahali ambapo magoti yanaleta maneno. Viatu ni kandambili, kwa sababu sakafu za kufulia huwa na maji na sitaki soksi yoyote iwe nje ya mashine siku hiyo.

Wapo wasafiri waliolikwepa suala hili kabisa. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hakuna kufua. Maji yanayopelekwa kule ni ya thamani mno. Mwanaanga huvaa nguo hadi isivalike tena, kisha inatupwa na takataka nyingine kwenye chombo cha mizigo, ambacho huungua kikirudi kwenye angahewa. Kwa hiyo, usiku ukiona kitu kinawaka na kupita angani, usiharakishe kuomba heri. Huenda ni soksi.

Mashine ya kukaushia sina mengi nayo. Angalia lebo: mraba wenye duara ndani ndio ishara yake, nukta moja ni joto dogo, mbili ni la kawaida, na ikikatwa kwa msalaba usitie. Chochote chenye mpira wa kiuno, kaa nacho mbali na joto kali. Na usiondoke ukaenda kutembea. Niliwahi kurudi nikakuta mtu amezitoa zangu na kuzirundika mezani, bado mbichi, chupi juu kabisa kama bendera.

La kukausha kwa mkono ndilo linalostahili muda. Kukamua kwa kusokota hakutoshi na kunavuta nguo vibaya. Tandaza taulo kavu sakafuni, ilaze fulana juu yake, iviringishe pamoja na taulo hadi iwe gogo, kisha uipande kwa magoti. Anza upande mmoja, songa taratibu. Utasikia maji yanahama. Si sauti ya kumwagika, ni kama mtu anatembea kwenye majani yenye umande. Ukifungua, taulo limepata kivuli chenye umbo la fulana, mikono na shingo, na fulana yenyewe imekuwa nyepesi kiasi cha kukushangaza. Ianike mahali penye hewa inayotembea, chini ya feni kama ipo, isigusane na nyingine. Usiiweke juu ya taa wala juu ya hita ya umeme. Watu wanaungua kwa mambo haya.

Na usiivae mbichi kwa kudhani mwili utaikausha. Utaikausha kweli, lakini kwa gharama yako. Kila gramu ya maji inayokauka hunyonya kama jouli 2,400 za joto. Fulana iliyobaki na gramu 200 za maji inataka karibu jouli 480,000, yaani zaidi ya kilokalori 100, na nyingi kati yake zinatoka kwako. Mlimani au ndani ya basi lenye kiyoyozi, hapo ndipo meno yanapogongana. Soksi mbichi zinaleta malengelenge, na bukta mbichi inaleta fangasi mahali ambapo hutapenda kujikuna mbele za watu.

Bibi wa shuka nilimrudishia mali yake mkononi, nikiwa nimeshavaa suruali yenye joto la kukaushia. Nilitaka kulifua kwanza, akakataa. Alisema lilikuwa linakwenda kwenye maji hata hivyo. Alilitumbukiza kwenye mzigo wake wa pili, akaniuliza tena, safari hii bila kutabasamu, kama koti langu nalo silifui. Nilikuwa sijawaza. Lilikuwa limelowa jasho kuliko nguo zote nilizofua siku ile.

Sasa hivi ninapoandika ni saa sita kasoro usiku na basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Niko ndani ya kikoi. Pensi iko kwenye kamba ya bafuni. Nimeibinya mara tatu na mapaja yameshakauka, lakini mfuko wa zipu, ambao ndio niliouhangaikia miaka yote hii, una vitambaa viwili na bado una ubaridi. Nimeigeuza ndani nje. Mfuko unaning'inia kama ulimi, na feni linaupiga.